Sahani ya Pili ya Bibi Rena

Kugel ya kwanza niliyompikia, Bibi Rena aliitazama kwa muda, kisha akaniambia nimpe paka. Hana paka.

Kugel ni pudini ya tambi ya Wayahudi. Unachemsha tambi pana za mayai, unachanganya na jibini laini, krimu chachu, siagi, mayai, sukari, mdalasini na zabibu kavu, unaitia kwenye oveni mpaka juu iwe kahawia na pembeni ikauke. Si chakula kigumu. Mtoto anaweza. Lakini mwaka 2021, Sydney ilipofungwa mara ya pili kwa ajili ya korona, mimi niliipika kila Ijumaa, na kila Ijumaa kipande cha Bibi Rena kilibaki kama nilivyokikata.

Jina langu ni Bibiane, lakini wengi huniita Mama Diane. Ni Mrundi. Nimekaa kambini Kigoma miaka mingi kuliko niliyokaa Burundi, mume wangu amezikwa huko, na sasa nakaa Toongabbie, kitongoji cha Sydney, na binti yangu, upande wa pili wa reli. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Shirika lilinipa Bibi Rena kwa sababu ningeweza kufika kwake kwa miguu, na wakati ule mtu wa kufika kwa miguu alikuwa na thamani kuliko mwenye gari.

Bibi Rena alikuwa na miaka themanini na sita. Alizaliwa Poland, akatoka huko akiwa mtoto, baada ya vita, akazeekea Toongabbie katika nyumba ya matofali aliyoijenga mumewe. Kiingereza chake kilikuwa cha Poland na changu cha kambini, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alisema Mungu hayupo. Alisema pia kwamba bakuli la bluu la kuokea ni la vyakula vya maziwa, lisiguswe na nyama hata kwa bahati mbaya, maana ndivyo ilivyoamriwa. Sikumuuliza imeamriwa na nani.

Shida yake ilikuwa moja, alikuwa hali chakula. Supu iliyoletwa na gari la chakula cha wazee aliimwaga kwenye maua. Mkate aliwarushia wale ndege weupe wenye midomo mirefu wanaofukua mapipa ya taka, nao wakanenepa. Mwanawe, Leon, yuko Melbourne, na mpaka wa jimbo ulikuwa umefungwa. Alimwona mama yake kwenye simu tu, tena kipaji cha uso peke yake, kwa sababu Bibi Rena hakujua kuishika simu ikaonyesha chini ya nyusi. Leon na daktari walikuwa wamekubaliana: uzito ukishuka chini ya kilo arobaini, mama anahamia nyumba ya wazee.

Nyumba za wazee wakati ule hazikupokea mgeni. Zamani Bibi Rena alikuwa na marafiki wawili waliokuja kwake kula kila Ijumaa. Mmoja alikufa. Mwingine alipelekwa nyumba ya wazee, wakawa wanapungiana mikono kwenye kioo, halafu hata kioo kikakatazwa.

"Nikiingia huko sitoki," aliniambia. "Kwa hiyo siingii."

"Basi kula, Bibi."

"Sina njaa. Nataka kugel."

"Kugel si chakula?"

"Kugel ni kugel."

Ndipo nikaanza kupika.

Kila Jumatatu alikuja nesi na mizani. Nesi huyo anaitwa Cherotich, Mkenya, binti mrefu anayetembea kama anayewahi basi hata akiwa ndani ya nyumba. Bibi Rena alipanda kwenye mizani na koti lake la nyumbani, lile zito lenye mifuko mikubwa, kwa sababu alisema anasikia baridi.

"Arobaini na moja," Cherotich akasoma. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Mama Diane, huyu nyanya ananichanganya. Mbona uso unaisha na kilo haziishi?"

"Mungu anajua," nikasema.

Mungu alijua, na mimi pia nilijua. Juu ya kabati la jikoni kulikuwa na kinu kidogo cha shaba na mchi wake, vya mama yake Bibi Rena. Kila Jumatatu kinu kilikuwa peke yake. Ijumaa nikirudi, mchi upo. Na siku ya mizani, Bibi Rena akikaa kitini, mfuko wa koti ulikuwa unagonga mbao: ngo.

Cherotich hakuniuliza kuhusu mchi. Angeniuliza ningemwambia, maana mimi sisemi uongo. Nilikuwa naomba asiulize. Niliomba kila Jumapili usiku, nikisema jina lake lote ili pasiwe na makosa.

Basi nikapika. Kugel ya kwanza niliipika kwa tambi nyembamba za duka la Wahindi, nikatia iliki na tui la nazi, kama majirani Waislamu walivyotupikia siku ya Idi kule Kigoma. Hiyo ndiyo ya paka. Ya pili nilitia jibini ya Wahindi, ile ya kukata vipande, na Bibi Rena akasema amesikia ikilia sahanini. Kwa ya tatu Diane aliniagizia kwa simu yake tambi pana zenyewe, na jibini laini lenyewe. Bibi Rena alikaa kwenye kiti cha jikoni akinielekeza kwa fimbo yake. Siagi zaidi. Zabibu ziloweke kwanza. Usikoroge kama unachanganya saruji. Ilipotoka kwenye oveni alifumba macho, akavuta harufu mpaka mabega yakainuka.

"Hiyo," akasema.

Nikakata kipande, nikakiweka mezani mbele yake, nikatoka nje.

Hapo lazima nieleze. Kwetu mtu mzima hatazamwi akila. Nilivyolelewa, ukimpelekea mkubwa chakula unakiweka, unageuka, unatoka. Ukibaki unamkodolea macho, ni kama unahesabu matonge yake. Tena shirika lilikuwa limekataza mhudumu kuvua barakoa ndani ya nyumba ya mzee, sembuse kula naye. Na tena mimi hufunga kila Ijumaa tangu mume wangu afariki: maji tu, mpaka Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo adabu, saumu na shirika vilikuwa vimekubaliana, jambo ambalo si la kawaida. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikatazama kamba ya nguo ya jirani.

Niliporudi, kipande kilikuwa pale pale. Na ng'ambo ya meza, mbele ya kiti kitupu, kulikuwa na sahani ya pili. Safi. Ina uma na kitambaa kilichokunjwa pembe tatu. Sikuiweka mimi.

"Hukula, Bibi."

"Sina njaa," akasema, akatazama ukuta.

Nikaosha sahani zote mbili. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Kipande hakijaguswa, sahani ya pili mahali pake, kitambaa pembe tatu. Ndipo nikaangalia vizuri. Juu ya kile kiti kitupu, ukutani, palikuwa na picha ya mumewe, amevaa tai.

Nikarudi nyuma mpaka kwenye friji.

Siku zile kundi letu la maombi lilikutana kwa simu. Wengine walipoaga nilimwomba dada Nibigira abaki. Nibigira ni mzee wa kanisa, sauti yake hata ikipunguzwa inasikika chumba cha pili. Nikamweleza.

"Sahani iko upande gani?" akauliza.

"Upande wa picha ya marehemu."

"Yesu. Na uma?"

"Na uma. Na kitambaa."

"Mpaka kitambaa! Huyo marehemu anahudumiwa kuliko sisi. Sasa dada Bibiane, sikiliza. Kiti hicho usikikalie."

"Sikikalii."

"Usipite hata nyuma yake."

"Nazunguka upande wa friji."

"Na hiyo sahani unaiosha na nini?"

"Na sabuni."

"Sabuni haitoshi."

Tangu hapo nilikuwa naosha sahani ya pili huku nikikemea mapepo. Na nikimwekea Bibi Rena chakula sikukaa tena kwenye ngazi. Nilikwenda mpaka mwisho wa uani, kwenye mti wa ndimu, nikawapa mgongo yeye na marehemu.

Kugel iliyobaki niliipeleka nyumbani. Diane alikuwa anasoma shule kwa kompyuta, ana miaka kumi na sita na anakula kama mjenzi. Alikula vipande vitatu bila kutoa macho kwenye kioo.

"So good, Mum," akasema.

"Haina chumvi nyingi?"

"No."

"Haijaungua chini?"

"Mum. It's good."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka siku ile nilikuwa najiambia kasoro iko kwenye upishi, na upishi unarekebishika. Kama kugel ni nzuri na bado hali, basi mimi sina kingine cha kumfanyia.

Jumatatu moja ya Septemba Cherotich aliniita barazani, akafunga mlango.

"Daktari anataka uzito bila koti," akasema. "Wiki mbili kuanzia leo. Nguo ya kulalia tu, miguu mitupu. Leon amempigia. Amesema kipaji cha mama kimekonda."

"Kipaji?"

"Ndicho anachokionaga." Akavuta barakoa ikae sawa. "Mama Diane, wewe ni mtu wa Mungu. Anakula?"

"Napika kila Ijumaa," nikasema.

Alinitazama, akaenda zake. Haikuwa uongo. Lakini nilipofika nyumbani nilishindwa kusali, nikaosha madirisha.

Jumatano nilimwambia Bibi Rena habari ya koti. Nilidhani atatukana, kwa Kipoland, kama alivyotukana supu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa mchi, akautazama, akaenda mwenyewe polepole mpaka kabatini akaurudisha kwenye kinu. Halafu akabaki ameshika ukingo wa kabati. Nilikuwa sijawahi kumwona akishika kitu ili asianguke. Siku zote alishika ili akugonge nacho.

"Nyumba hii," akasema, "Henryk alinijengea dirisha hili la jikoni mara mbili. La kwanza nilisema dogo."

"Ni dirisha zuri, Bibi."

"Huko nitapewa dirisha lisilofunguka."

Ijumaa nilifika mapema. Nilipika kama mtu anayefanya mtihani. Zabibu niliziloweka kwenye chai. Mdalasini niliutwanga mwenyewe, kwa mchi ule ule. Juu nilinyunyiza sukari na vidonge vya siagi, ikatoka ina ganda linalovunjika ukiligusa kwa kijiko. Nikakata kipande, nikaweka, nikageuka.

Safari hii sikufika kwenye mti wa ndimu. Mlangoni niligeuka, jambo lisilofaa, nikamwona Bibi Rena akinyanyuka. Akafungua kabati. Akatoa sahani kwa mikono miwili, akazunguka nayo meza yote akiegemea viti, akaiweka upande wa picha. Akarudi kuchukua uma. Akarudi tena kwa ajili ya kitambaa. Mtu asiye na kilo arobaini alizunguka ile meza mara tatu ili marehemu apate kitambaa.

Nikarudi ndani. Nilikuwa naogopa, lakini nilijiambia kama sisemi leo nitasema lini.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Mume wako hawezi kula."

"Mume wangu amekufa."

"Ndiyo maana."

Akanitazama. "Unasema nini wewe?"

"Hiyo sahani ni ya nani?"

Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akaangalia sahani tena, kama mtu aliyeulizwa kichwa chake kiko wapi.

"Yako," akasema.

"Yangu?"

"Ya nani mwingine? Kuna mtu mwingine humu? Kila Ijumaa naweka sahani, na kila Ijumaa unakimbia nje kama nyumba inaungua. Mara ya kwanza ulikaa kwenye ngazi. Sasa unaenda mpaka kwenye ndimu! Nikasema, mwanamke huyu ananionea kinyaa. Halafu nikasema hapana, ametia kitu. Mbona anapika na mwenyewe haonji?"

Hilo liliniingia. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni ndipo ampe, mgeni ajue hakuna sumu. Nilijifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma.

"Kwa nini hukuniambia kaa, Bibi?"

"Mtu huambiwa kaa? Sahani ipo, uma upo, kiti kipo. Nikuandikie barua?"

"Kwetu mkubwa hatazamwi akila," nikasema. "Ni heshima."

"Kwetu mkubwa akila peke yake, ni kwamba wengine wote wameshakufa," akasema. Alilisema kama anayetaja bei ya viazi. "Nimekula peke yangu nikiwa na miaka minane. Inatosha. Kugel hukatiwa watu."

Nikasimama pale. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na saumu. Barakoa ilikuwa usoni, na shirika lilikuwa limeshamfukuza mhudumu mmoja kwa kunywa chai tu. Kiti kilikuwa kile nilichokikemea mwezi mzima. Na Bibi Rena alikuwa ameweka mikono mapajani, hagusi chochote, anangoja kama mtu aliyezoea kungoja.

Nikafungua lile dirisha la Henryk lote, baridi ikaingia. Meza ilikuwa ndefu, nikakaa mwisho wake, chini ya picha. Nikavua barakoa.

"Aha," Bibi Rena akasema. "Kumbe una mwanya."

Sala yangu ilikuwa fupi. Nilisema, Bwana, unaona. Nikakata kwa uma, nikatia mdomoni, nikameza, naye akiitazama shingo yangu mpaka tonge lilipopita. Ilikuwa tamu. Ilikuwa laini katikati na pembeni inavunjika, na zabibu zilikuwa zimevimba. Miaka yote hiyo nimepika Ijumaa bila kuonja, nikapikia watoto, nikapikia misiba, na sikumbuki kama nilishawahi kukaa nikala kitu kikiwa bado cha moto.

Bibi Rena akashika uma wake. Mimi nikageuza macho dirishani.

"Niangalie," akasema. "Mimi nakuangalia."

Nikamwangalia. Alikula polepole, kama anayehesabu. Alimaliza ncha, akamaliza katikati, akakusanya makombo kwa kidole.

"Sukari haitoshi," akasema. "Mdalasini umezidi. Mama yangu angeitupa."

Akasogeza sahani mbele nimwongeze.

Jioni nilimpigia Nibigira, nikamwambia sahani ilikuwa yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilishuka.

"Kwa hiyo," akasema, "mwezi mzima tumekuwa tunaikemea sahani yako mwenyewe."

"Ndiyo, dada."

"Na saumu?"

"Nimeivunja."

"Kwa tambi?"

"Kwa tambi."

Akasema ataniombea. Saumu niliihamishia Jumanne, siku isiyo ya zamu, nikamweleza Mungu sababu. Hakujibu, nikachukulia kuwa amekubali. Maana Bibi Rena hakuishia kwenye Ijumaa. Jumatatu nilikuta sahani mbili na supu. Jumatano sahani mbili na mayai. Ndege weupe walikuja uani, wakasimama wakitutazama dirishani, wakaenda kujaribu kwa jirani.

Siku ya mizani ilipofika, Cherotich aliweka mashine yake sakafuni jikoni. Bibi Rena alivua koti, akanipa nilishike. Lilikuwa jepesi. Alipanda na nguo ya kulalia, miguu mitupu, vidole vimeshikilia mizani kama vya kuku. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nisiione namba. Nilimwona Cherotich tu, na Cherotich alikuwa amekunja uso.

"Usitingishike, nyanya," akasema kwa Kiingereza. Akangoja. Akainama zaidi. "Arobaini na robo."

Bibi Rena hakushuka. "Soma tena."

"Arobaini na robo. Shuka usije ukaanguka nikaandika lingine."

Akashuka. Nikamvika koti. Kifungo cha juu kilinishinda, akakifunga mwenyewe.

Cherotich alikuwa anafungasha vitu vyake. Akainua macho mpaka juu ya kabati, kwenye kinu.

"Mama Diane," akasema kwa Kiswahili, "huo mchi una kilo ngapi?"

Nikaona siku imefika. "Sijaupima," nikasema. "Lakini—"

"Mimi niliupima. Wiki ya pili, alipoenda chooni akauacha kitini. Kilo na nusu." Akafunga zipu ya mkoba. "Nilikuwa naomba usiniambie. Ungesema, ningelazimika kuandika."

"Uliniuliza kama anakula."

"Niliuliza. Halafu usiku nikashindwa kulala nikidhani utajibu."

"Mnasema nini?" Bibi Rena akauliza.

"Tunasema umenenepa," nikamjibu.

"Yeye ndiye amekonda," akasema, akimnyooshea Cherotich fimbo. "Mwambie Ijumaa naweka sahani tatu."

Cherotich alicheka. Akasema asante nyanya, Ijumaa yuko Fairfield mpaka saa tisa, labda siku nyingine, na sheria za kazi pia zinajulikana. Bibi Rena hakungoja amalize. Alikuwa ameshafungua kabati, anachagua kitambaa.

Nilimsindikiza Cherotich mpaka barazani.

"Ukija," nikamwambia, "usisimame kungoja kuambiwa kaa. Hapa hawasemi."